Kukimbia Mji kwa Kiingereza

Mjukuu wa dada yangu ameanza kufundisha Kiingereza huko Butiama. Juzi alikuja kunisalimu hapa Kigera, akanikuta uani napepeta mchele. Nikamuuliza wanafunzi wake wanaendeleaje. Akasema, "Vizuri tu, bibi. Tuko kwenye phrasal verbs. Jana nimemaliza run away." Hivyo ni vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno nyuma yake. Nikamuuliza ameimaliza vipi. Akatoa simu mfukoni akanionyesha: run away, kukimbia. Basi, kwake neno limekwisha.

Niliweka ungo chini. Nikamwambia vuta kigoda ukae, maana huyo mnyama hata mkia hujamshika. Neno hilo nimelifundisha Musoma, nimelifundisha Bunda, nimelifundisha kwa chaki na bila chaki, na mpaka naagwa kazini nilikuwa bado nalipigia magoti kila ninapoliandika ubaoni. Akanisikiliza mpaka chai ikapoa. Ninyi wengine mnaoanza ualimu sina chai ya kuwatosha wote, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Nawaambia mapema ninakoelekea, msije mkasema bibi anazunguka. Kuna msichana aliyekaribia kukosa shule kwa sababu ya neno hilo moja. Aliitwa Nyangeta, mtoto wa Guta, nami nilimfundisha Bunda. Nitafika kwake. Lakini hamtamwelewa Nyangeta kama hamjakielewa kwanza Kiswahili chenu, na hapo ndipo walimu wengi mnapojikwaa. Mnadhani shida ya mtoto iko kwenye Kiingereza, kumbe imeanzia nyumbani.

Hebu sikilizeni. Kukimbia ni kwenda mbio. Mtoto amekimbia, ameanguka, analia. Lakini kitenzi hicho hicho ukikipa kitu mbele yake, kinageuka: amekimbia shule, amekimbia njaa, amekimbia jembe, amemkimbia mkewe. Hapo mbio hakuna. Mtu anaweza kukimbia shule huku anatembea polepole anatafuna muwa. Sisi tumeshaelewana, wala hatuhitaji neno jingine katikati.

Mwingereza hayuko hivyo. Kwake, run ukiibandika moja kwa moja kwenye shule, maana yake ni kuiendesha hiyo shule, kuwa ndiye mkubwa wake. Kukimbia kwa kutoroka lazima uweke away, na kama unataja unachokikimbia, lazima na from iwepo. Mtoto wa kwetu, anayefikiri kwa Kiswahili na nyumbani anaongea Kijita au Kizanaki, anaandika: "Juma ran the school because of the stick." Anataka kusema Juma alikimbia shule kwa sababu ya fimbo. Alichosema ni kwamba Juma alikuwa mwalimu mkuu kwa nguvu ya fimbo. Nimesahihisha madaftari ya namna hiyo miaka mingi. Kila mtoro wa mkoa huu amewahi kuwa mwalimu mkuu katika daftari la mwenzake.

Msiwacheke. Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili nikiwa tayari mwalimu, na aliyenifundisha ni Mzee Majura.

Mzee Majura alikuwa kiongozi wa somo la Kiingereza katika shule ya Musoma niliyoanzia kazi. Alivaa kaptula na soksi ndefu siku zote, hata soksi zilipokwisha visigino. Enzi zile visigino vya soksi vilikuwa havirudi vikishaondoka. Madukani rafu zilikuwa tupu, sabuni ilikuwa ya kusimuliwa, na ukiona watu wamejipanga foleni unajipanga kwanza halafu ndipo unauliza kinauzwa nini. Chaki ilikuja ilipotaka. Isipokuja, tuliandika kwa muhogo mkavu. Ule muhogo uliokauka vizuri kwenye mwamba unaandika sawasawa, mweupe kabisa, ila usiuache mezani ukatoka nje. Ukirudi unakuta chaki ya wiki nzima imeliwa, na darasa zima limefumba midomo lina unga kwenye pembe za midomo.

Siku yangu ya kwanza aliniangalia nikifundisha. Nilisimama mbele nikasema, run away maana yake kukimbia, andikeni. Wakaandika. Kipindi kilipokwisha akaniita pembeni.

"Binti Wakuru," akasema, "Kiingereza hakiingiagi kwa masikio. Kinaingiaga kwa miguu. Kesho usifundishe. Kaa nyuma uone."

Kesho yake aliingia darasani amebeba jogoo kwapani. Jogoo mkubwa mwekundu, ameletwa na mzazi mmoja kwa ajili ya mkaguzi aliyekuwa afike mchana, na yeye Mzee Majura ndiye aliyekabidhiwa amtunze. Akamwachia sakafuni. Jogoo akakatiza chini ya madawati, Mzee Majura akasema kwa Kiingereza, taratibu kabisa, kwamba anakimbia kuvuka. Mvulana mmoja akamfukuzia, mzee akasema huyu naye anakimbia nyuma yake. Jogoo akajigonga kwenye kabati, hilo nalo lina neno lake, run into, akalisema. Watoto walikuwa wanarudia kwa sauti moja, wamesimama juu ya madawati, na mimi nyuma nimesahau kuandika.

Basi jogoo akaruka dirishani. Dirisha lilikuwa halina kioo, maana vioo navyo vilikuwa havipatikani. Tulimwona akikata kona ya jiko na kuingia kwenye mashamba ya watu. Mzee Majura alisimama dirishani, mikono nyuma. "It has run away," akasema. Darasa likaitikia. Akageuka. "Away from what?"

Mmoja akasema anakukimbia wewe, mwalimu. Mwingine akasema anakimbia sufuria. Wa tatu akasema anakimbia Kiingereza. Walicheka, naye akawaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Hamjui," akasema. "Hata mimi sijui. Jogoo peke yake ndiye anayejua. Run away inaweza kusimama yenyewe, ukaweka nukta, ukakaa. Ukitaka kuongeza from, uwe na hakika na unachokisema, maana hapo sasa unatoa ushahidi."

Mkaguzi alikula dagaa siku hiyo. Mzee Majura alimweleza yote bila kupepesa macho, na akaongeza kwamba shule ime-run out of meat, yaani imeishiwa nyama, ambayo ni phrasal verb nyingine. Hakupandishwa cheo mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Lakini sijaona tena darasa lililojua run kama lile.

Niliichukua nukta ya Mzee Majura nikahamia nayo Bunda. Jogoo sikuwa naye, nilikuwa na hadithi ya jogoo tu, nayo ilitosha. Kila darasa jipya nililisimulia, na kila darasa lilijua: ukiweka from, unatoa ushahidi.

Haina maana kwamba Bunda sikuvuna vituko. Run away ina ndugu zake, na ndugu wengine ni wahuni. Yupo make off, ambaye naye ni kutoroka, lakini ukimwongezea with anakuwa mwizi: ametoroka na mali ya mtu. Kiranja wetu mkuu alimpenda sana huyo kwa sababu aliona ni mrefu na ana heshima. Siku ya mahafali akasimama mbele ya mgeni rasmi, suruali imepigwa pasi ya mkaa, akamwambia kwa Kiingereza safi cha kukariri kwamba tunamtakia mheshimiwa a-make off with our small gift. Yaani tunamtakia aibe zawadi na kutokomea. Zawadi yenyewe ilikuwa mkungu wa ndizi. Mgeni rasmi, ambaye alisoma akasomeka, aliukagua ule mkungu juu na chini, akajibu kwamba atajitahidi, ingawa ni mzito. Mwalimu mkuu alinitazama mimi. Nami nikaitazama bendera.

Sasa Nyangeta.

Shule yetu ya Bunda ilikuwa ya wazazi na kanisa, kwa hiyo mtoto alihitaji mtu nyuma yake wa kumlipia. Nyangeta alikuwa wa kidato cha pili, mrefu, mkavu, mtoto wa kukaa kiti cha mbele na kutokucheka ovyo. Mama yake alilima pamba na mihogo Guta, na pamba ya enzi zile mnajua wenyewe: ukishaipeleka unasubiri. Baba yake, Bwire, alikuwa na mtumbwi na akili ya biashara. Sabuni ilipopotea nchini, kwake ilikuwepo. Kanga zilipopotea, kwake zilikuwepo, zimetoka ng'ambo ya mpaka kwa njia ya ziwani. Mchana watu walimwita mlanguzi, jioni walimwita shemeji na kumuuliza kama kuna kipande kimebaki.

Serikali ilipoanzisha ule msako wa walanguzi, Nyangeta alikuwa darasa la saba. Bwire alisukuma baiskeli yake mpaka ziwani, akaipakia kwenye mtumbwi, akaenda visiwani. Hakuaga. Msako ukapita. Wenzake waliokimbia naye wakarudi mmoja mmoja, wakaendelea na maisha yao, wengine wakawa wazee wa kanisa. Yeye hakurudi. Habari zilikuja kwamba ameonekana kisiwa hiki, ameonekana kisiwa kile, ni mzima, ananenepa.

Na hapa niwakumbushe wa kutoka mbali: huku kwetu mji si lazima uwe na lami na taa. Nyumba, zizi, shamba la mihogo, mke na watoto, huo ndio mji wa mtu. Mwanaume akiondoka asirudi, hatusemi amemwacha fulani na fulani. Tunasema amekimbia mji. Ni maneno ya adabu. Yanasema jambo lote bila kumnyooshea mtu kidole.

Wakati huo walikuja wafadhili kutoka nje, wakitaka kusomesha watoto wachache wasio na mtu wa kuwalipia. Usaili ulikuwa Musoma, ukumbi wa parokia, na ulikuwa kwa Kiingereza kwa sababu mama mfadhili hakujua lugha nyingine. Nyangeta asipochukuliwa, muhula ukiisha anarudi Guta kwenye pamba, na huko mjomba wake alishamtaja mwanaume wa kumwoa. Hilo alilijua yeye, nililijua na mimi. Tulifika Musoma asubuhi mapema, akanawa uso bombani, nikamfunga vizuri kola ya shati.

Mezani walikuwa watatu: padre, ambaye alikuwa Mzungu lakini amekaa Mara mpaka anaota kwa Kiswahili, mama mfadhili mwenyewe, mwenye uso wa upole, na mzee mmoja wa baraza la parokia, karani mstaafu, aliyekipenda Kiingereza kuliko Kiingereza kilivyompenda yeye. Walimu tuliruhusiwa kukaa nyuma kwa sharti moja, kwamba tusifungue mdomo. Padre alilirudia sharti hilo akiniangalia mimi.

Mama mfadhili akamwambia Nyangeta atueleze kuhusu baba yake. Nyangeta akasimama wima, akasema kwa sauti inayosikika:

"My father ran the town."

Baba yangu alikimbia mji, ndivyo alivyosema. Baba yangu aliuendesha mji, ndivyo walivyosikia. Yule karani mstaafu akavua miwani.

"Which town?" akauliza mama.

"Our town, madam. Guta."

"And how did he run it?" Yaani aliuendeshaje. Nyangeta akasikia: aliukimbiaje.

"By canoe, madam," akajibu. "And a bicycle."

Mama mfadhili akaandika, akasita, akaendelea kuandika. Akauliza kama baba aliuendesha mji vizuri. Nyangeta akajibu kwamba vizuri sana, hawakumkamata. Akauliza kama wananchi waliridhika na alivyouendesha. Nyangeta akafikiri, maana alikuwa mtoto wa kweli, akasema kwamba wachache walifurahi, lakini mama yake alilia.

Karani akamwinamia padre, akasema kwa Kiswahili na wala hakunong'ona: "Padre, mie Guta nakujua. Hakujawahi kuwaga na mji wa kuendeshwa na mtu. Na kama baba yake ni mtu mkubwa hivyo, huyu binti amekuja kutafuta nini hapa? Tumwite mwingine."

Nikasimama.

"Mwalimu," akasema padre, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana, padre. Naomba maneno mawili tu ya Kiingereza. Away from."

Padre alinitazama. Kisha akamtazama Nyangeta. Nikaona midomo yake inaenda polepole, anairudisha ile sentensi kwenye Kiswahili, na ilipofika akaweka kiganja mdomoni. "Alikimbia mji," akasema. Mabega yalianza kumcheza, akajikaza, akamwelezea mama mfadhili pembeni. Mama akashtuka, akaweka kalamu chini. Alimgeukia Nyangeta kwa huruma ya kweli, nami nikashukuru Mungu nikidhani yamekwisha.

"So he ran away," akasema mama kwa upole. "From whom, my child?"

Hakuna aliyecheka tena. Nilimwona Nyangeta mgongo tu, na mgongo ule ulibadilika. Swali ni dogo. Alimkimbia nani? Akisema polisi, amejiita mtoto wa mhalifu mbele ya padre, na hata hivyo haikuwa kweli tena, maana polisi walishaacha kumtafuta na wenzake walisharudi. Akisema sisi, amemvua nguo baba yake mbele ya wageni, na mama yake pamoja naye, maana mwanamke aliyekimbiwa watu humuuliza yeye kwanza alifanya nini. Kiswahili kilimwekea mlango wa nyuma. Kiingereza kilikuwa kimesimama mlangoni na daftari, kinasubiri jina. Nami ndiye niliyemfungulia hicho Kiingereza. Iliniuma, siwafichi, iliniuma hapa.

"He ran away," akasema Nyangeta.

Mama akasubiri.

"He ran away, madam. Full stop."

Aliitaja ile nukta kama nilivyokuwa nikiitaja darasani ninapoimlisha. Karani mstaafu akavaa miwani yake. "Binti," akasema, "hiyo sentensi haijaisha. Umeulizwa from."

"Imeisha, mzee," nikasema nikiwa bado nimesimama, sharti la padre limeshavunjika zamani. "Kisarufi imeisha. Run away inasimama yenyewe."

Karani akamgeukia padre. Padre akasema, "Mwalimu yuko sahihi." Mama mfadhili hakuelewa tulichobishania, lakini alimwelewa mtoto. Aliitikia kwa kichwa taratibu, hakuuliza tena. Nyangeta alichukuliwa.

Tulikula ugali na sangara karibu na stendi kabla ya kurudi Bunda. Mifupa ya sangara inataka utulivu, kwa hiyo hatukuongea mpaka sahani zikaisha. Ndipo akaniuliza, "Madam, ni kweli iliisha, au ulinitetea tu?"

"Kisarufi iliisha."

"Na kwingineko?"

"Kwingineko mimi sifundishi," nikamwambia. Akainama kunawa mikono.

Miaka ikapita na mambo yakalegezwa. Kile kilichokuwa magendo kikawa biashara, mtu akiletewa marobota ya nguo anaitwa mfanyabiashara na watoto wake wanaringa. Sabuni zikarudi za rangi zote. Chaki zikarudi kwa maboksi, mpaka za bluu na za waridi, na nikakuta sina la kuandika kwa waridi. Zikaja na mbinu mpya: semina moja tuliambiwa sarufi ni ya kizamani, mwache mtoto aongee tu, awasiliane. Niliuliza swali moja, nikasema nina mtoto aliwasiliana vizuri sana Musoma na karibu akose shule. Mtoa semina akasema tutalijadili baada ya chai, na baada ya chai akaondoka. Msinielewe vibaya, wanangu, mbinu mpya nyingine ni nzuri. Mzee Majura alikuwa nazo zote, alizileta na jogoo kabla hazijapewa jina.

Vitu vilirudi kwanza, watu wakafuata nyuma. Siku moja niko sokoni Bunda nachagua sweta kwenye mitumba, mwenye meza akasema bila kuniuliza saizi, "Wewe ndo madam wake Nyangeta."

Alikuwa mwanaume mnene kiasi, mvi kidogo, macho ya Nyangeta yale yale. Nilijua kabla hajataja jina.

"Nasikia mlinitajaga Musoma mbele ya padre," akasema Bwire. "Nasikia na Mzungu alikuwepo. Mlisema nilikimbia nini?"

"Mtoto wako aliulizwa. Hakusema. Aliweka nukta."

"Nukta?"

"Alisema umekimbia, akanyamaza. Sentensi ikaishia hapo."

Akalikunja lile sweta. Akalikunjua, akalikunja tena. "Aliniheshimu," akasema.

"Labda. Na labda alikuachia kazi. Uko Bunda tangu lini?"

"Tangu pamba ilipoanza kuchanua."

Pamba ilikuwa imeshavunwa yote. Kutoka sokoni pale mpaka Guta ni safari ya baiskeli, na hapo nyuma yake ilikuwepo baiskeli imeegemea ukuta. Nilikasirika, na mimi nikikasirika siongei chini. Nilimwambia kwamba visiwani nilimwelewa, lakini kukaa msimu mzima umbali wa kusikia kengele ya kanisa lao, hilo halina jina kwa lugha yoyote ninayoifundisha. Wachuuzi wa pembeni waliacha kupunga nzi wakasikiliza.

Hakubisha. "Nisindikize, madam," akasema. "Nimeshaanza safari hiyo mara nyingi. Nikiwaga peke yangu naishia pale barabara inapokata."

Tukaenda wakati wa likizo, ili Nyangeta awepo. Alikuwa amekaribia kumaliza kidato cha nne. Bwire alisukuma baiskeli njia nzima badala ya kuipanda, kwa hiyo nami nikatembea, na soli ya kiatu changu kimoja ikaachia njiani. Alipofika pale barabara inapokata alisimama. Nikapita mbele nikaendelea kutembea bila kugeuka. Baadaye nikasikia mnyororo wa baiskeli nyuma yangu.

Mama Nyangeta alikuwa kwenye mwamba nyuma ya nyumba, ameanika mihogo. Nyangeta alikuwa anamletea mingine kwa beseni. Wote wawili walituona kwa mbali, na hakuna aliyeacha alichokuwa anafanya. Tulipofika nikasalimia, nikaitikiwa, nikaonyeshwa jiwe la kukaa. Bwire hakuonyeshwa kitu. Akaegemeza baiskeli kwenye mti, ikaanguka, akaiacha.

"Mama Nyangeta," akasema. "Nimekuja. Najua nilikimbia mji."

Nyangeta aliweka beseni chini. Hakupandisha sauti.

"Mji hauna masikio, baba. Hauna hata tumbo. Sema vizuri."

Wanangu, hapa ndipo nilipojua kwamba nimefundisha. Maana na Kiswahili nacho kina from yake, ni ile silabi ndogo tunayoichomeka katikati ya kitenzi tukitaka kutaja watu. Ni ndogo, lakini mtu mzima anaweza kuizunguka miaka na miaka. Bwire alimtazama binti yake, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa bado ameinama. Nilimwona anaitafuta.

"Niliwakimbia," akasema.

Upepo wa ziwani ulikuwa unapita. Mama Nyangeta aligeuza kipande cha muhogo, akageuza kingine, akanyoosha mgongo. Hakulia wala hakutabasamu.

"Mji wenyewe haukukimbia," akasema. "Uko pale pale ulipouacha." Kisha akamwonyesha kwa kidole upande wa pili wa mwamba. "Ile mihogo ya kule bado haijageuzwa."

Bwire akavua viatu, akapanda mwambani kwenda kuigeuza.